Night wa Mpondwe na Kiingereza kilichoanzia miguuni

Kamba ya katani imelazwa ardhini, kutoka mlango wa ghala la chumvi hadi kwenye jiwe kubwa la kando ya barabara. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi hapa Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Madereva wa malori wanapiga mswaki wakiwa wameegemea magurudumu, na ukungu haujauachia mto Lhubiriha.

Wachukuzi kumi na wanne wamejipanga nyuma ya kamba, wanawake tisa na wanaume watano. Wameinamisha vichwa kana kwamba wamebeba, ingawa migongo yao ni mitupu.

"You can go over!" anaita Night Kabugho.

Miguu ishirini na minane inaivuka kamba kwa juu.

"You must go back!"

Inarudi, tena mbio.

"You should go round!"

Inazunguka jiwe, isipokuwa miguu miwili ya msukuma toroli mmoja mrefu aitwaye Kule, ambaye anajikwaa na kumwangukia jirani yake. Mstari mzima unavunjika kwa kicheko.

"Kule! Nimesema round. Wewe unaingia kwa jiwe?"

"Mwalimu, mimi sikuingia. Jiwe ndiyo iliingia kwa mimi."

Night, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, anacheka hadi anashika bega lake la kushoto, ambalo humuuma akicheka sana. Hakuwahi kusomea ualimu. Aliacha shule darasa la nne huko Kyondo, milimani, na kwa miaka kumi na mitatu amekuwa akibeba mizigo ya watu kati ya maghala na daraja la mpakani. Lakini kila asubuhi, kwa nusu saa kabla lango halijafunguliwa, hapa ndipo palipo darasa lake: kamba moja, jiwe moja, na neno moja la Kiingereza, "go", likiitwa kwa kila namna ambayo mtu anaweza kwenda.

"Go peke yake ni kama mguu mmoja," anasema. "Haifiki. Lazima uiweke kitu mbele na kitu nyuma. Nyuma unaweka njia: in, out, over, through, round, back. Mbele unaweka sababu."

Sababu hizo anazieleza kwa namna ambayo wachukuzi wote wa Mpondwe sasa wanaijua kwa moyo.

"Can ni nguvu yako. May ni ruhusa ya mwenye mlango. Should ni shauri ya rafiki. Must," anasema, na hapo hacheki, "must ni lori."

"Na bibi yangu akisema must?" anauliza Kule.

"Hapo ni lori mbili."

Wanajipanga tena. Night anainua mkono kuita, na ndipo kengele ya baiskeli inapolia kwa nguvu kutoka upande wa barabara, bila kukoma, kama ya mtu anayekimbiza mwizi.

Ni mzee Lokwang, askari polisi mstaafu ambaye sasa analinda ghala la chumvi. Kwa kawaida hufika kimya, akaketi kwenye kreti yake mlangoni na kutazama darasa bila kusema neno. Leo ameingia na baiskeli hadi katikati ya kamba.

"Night! Simu yako iko wapi?"

"Iko kwa muchajishaji, afande. Tangu jana."

"Basi wamepiga yangu. Ile intavyu ya Ijumaa imekuwa leo. Saa tatu kamili, Bwera. Wakubwa wa Kasese wanapanda Kyondo mchana, hawarudi."

Wote wanaanza kuongea kwa pamoja.

Meza yenye kiti kimoja

Ili kuelewa kwa nini watu kumi na wanne walianza kukimbia huku na huko wakitafuta kitenge safi, sabuni na mafuta ya kujipaka, ni lazima kuelewa nafasi yenyewe.

Ushirika wa wafanyabiashara wadogo wa mpakani, wenye ofisi Bwera, uliamua mwaka huu kuweka meza ya maelekezo karibu na lango. Kazi ya watakaokaa mezani ni kusoma taratibu za forodha, ambazo zimeandikwa kwa Kiingereza, na kuwaeleza akina mama wa sokoni kwa Lhukonzo, lugha ya Wakonzo wa hapa, na kwa Kiswahili. Cheti hakitakiwi. Kinachotakiwa ni usaili wa mdomo kwa Kiingereza mbele ya watu watatu. Viti vilikuwa vitatu na viwili vimeshapata watu. Baada ya leo, hakutakuwa na usaili mwingine.

Mshahara ni shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi. Night hupata shilingi elfu mbili kwa gunia moja hadi darajani, na siku njema hubeba magunia sita. Lakini kwake hoja si fedha tu. Daktari aliyempima bega mwezi Machi alimwambia kwamba likiteguka tena, halitarudi mahali pake.

"Nilimuuliza nibebe mpaka lini," anasema Night. "Akaniuliza, bado unabeba?"

Mwezi wa Aprili alikwenda kwenye usaili wa kwanza, na akashindwa. Namna alivyoshindwa imekuwa hadithi ya Mpondwe nzima.

Wanawake wa Kikonzo hubeba mzigo mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso. Mzigo ukiwa mzito, kichwa huinama na macho huona vidole vya miguu na hatua moja ya ardhi, basi. Kwa hiyo wachukuzi huenda wawili wawili: mmoja amebeba, mwenzake anatangulia bila mzigo akiita njia. Jiwe. Tope. Zunguka. Simama. Wakifika, hubadilishana.

Na aliyebeba hajibu. Kifua kimebanwa, pumzi ni ya kazi. Akisikia, mguu wake ndio unaojibu, na mwita njia husikiliza nyayo nyuma yake akajua kuwa ameeleweka. Msichana hufundishwa hivyo tangu siku anapofungiwa mkanda wa kwanza. Kujibu kwa mdomo chini ya mzigo ni utoto.

Siku ile ya Aprili, mwenyekiti wa jopo alimuuliza Night kwa Kiingereza: mfanyabiashara ambaye bidhaa zake hazijaandikwa kwenye daftari, je, anaruhusiwa kupita langoni?

Night alielewa kila neno. Akainamisha kichwa. Akarudi nyuma hatua mbili. Akasimama.

Wasaili wakasubiri. Naye akasubiri.

"Nilidhani anataka kutoka," anakumbuka Ednah Mugenyi, mwenyekiti wa jopo hilo, mama wa makamo kutoka Kasese mjini. "Nikamuuliza kama anajisikia vibaya. Akazidi kuinama. Tukaandika kwamba hakujibu."

Jioni ile Night alimwonyesha mwenzake wa kazi, Mama Tabisa, jinsi alivyojibu. Tabisa, mjane mwenye miaka hamsini na mitano aliyezaliwa ng'ambo, Kasindi, alicheka hadi akakaa chini. Halafu akalia.

"Alijibu muzuri kabisa," anasema Tabisa. "Ni wao hawakuangalia miguu. Mutu wa ofisi anaangaliaka mudomo tu."

Buti nyeusi

Night alipokuwa na miaka kumi na tisa, miezi michache tu tangu aanze kazi, Tabisa aliamka na malaria. Kulikuwa na kikapu cha matunda ya pasheni cha kufikisha kabla ya jua kali. Night akasema atajiitia njia mwenyewe.

"Nilikuwa naona vidole yangu na vumbi," anasimulia. "Nikasikia mwanaume anapiga kelele. You must go back! You must go back! Sikujua maana, hata sikujua kama ni mimi naitwa. Nikasimama, kwa sababu mtu asiyejua njia anasimama. Nikaona buti mbili nyeusi mbele yangu. Zikarudi nyuma, moja, mbili. Halafu sikuona kitu."

Lori lilikuwa likirudi kinyumenyume. Dereva hakumwona. Kikapu kilipokea kishindo chote, na ndicho kilichomwokoa, lakini bega liliteguka na pasheni zilitapakaa hadi mtaroni.

Buti zilikuwa za Lokwang, wakati huo konstebo aliyeletwa kutoka Karamoja, aliyeishi kambini na mkewe. Ndiye aliyembeba hadi kwenye gari la hospitali.

Night alikaa nyumbani Kyondo miezi minne. Aliporudi Mpondwe, kabla hata ya kutafuta mzigo, alimwendea Lokwang na kumuuliza: "Afande, siku ile ulisema nini?"

Lokwang alichana kipande cha boksi na kumwandikia maneno manne. Kisha akamwonyesha kwa miguu, akirudi nyuma hatua mbili.

Kipande hicho cha boksi bado kipo. Night anakitunza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chake. Wino umegeuka rangi ya chai.

"Nilijua hapo kwamba buti zake ziliniambia," anasema. "Zilisema kitu kilekile mdomo unasema. Mimi nilikuwa naangalia, lakini sikujua kusoma. Nikasema, basi nitajifunza hii lugha kutoka chini."

Alijifunza neno moja kwa siku, akiwasikiliza madereva, mawakala wa forodha na watalii waliopotea. Kila alipopata neno alilitembea. Go through alilipata kwenye uwazi wa uzio. Go over alilipata kwenye mfereji. Miaka mitatu iliyopita wachukuzi wenzake walianza kumwomba awatembeze nao.

Mzee Lokwang anapoulizwa juu ya siku ile, hasemi mengi. "Nilimwambia arudi nyuma," anajibu kwa Kiswahili chake cha kambini, kilekile anachomsalimia nacho kila mtu. Halafu huanza kupanguza baiskeli ambayo tayari ni safi.

Lakini wachukuzi wameona jambo moja kwa miaka yote hiyo. Night akipita na mzigo, mzee huyo husimama kutoka kwenye kreti, hutazama barabara juu na chini, na haketi mpaka Night apotee machoni.

Mzigo ukishakubali mkanda

Sasa ni saa moja na dakika ishirini, na Night ana tatizo. Jana jioni alipokea gunia la chumvi ya Katwe, kilo hamsini, la kufikisha darajani asubuhi hii. Mwenye mali anangoja ng'ambo.

"Mimi nitabeba kwa toroli," anasema Kule. "Wewe nenda uoge."

"Nilishafunga mkanda, Kule."

"Fungua!"

"Mzigo ukishakubali mkanda, unafika. Wewe unajua."

Kule anajua. Anarusha mikono juu na kulalamika kwa Lhukonzo, maneno yanayowafanya akina mama wamkemee. Night anachuchumaa, anaweka mkanda kwenye paji la uso, anainuka. Bega linatoa mlio mdogo.

Mama Tabisa anatangulia kuita njia. Anapiga hatua tatu, anasimama, anageuka.

Kwa miaka mitatu Tabisa amekuwa akiruka kamba pamoja na wengine, lakini hajawahi kufungua mdomo kuita kwa Kiingereza. Huwa anasema kwamba yeye ni mutu wa Kongo, na Kifaransa kidogo alichonacho kinamtosha kuzikwa nacho. Leo anavuta pumzi.

"You... can... go ovaa!"

Mbele yake kuna bomba la maji linalokatiza njia. Nyuma yake, nyayo za Night zinavuka bomba.

Shangwe inayolipuka inawafanya madereva watoe vichwa madirishani. "Mama Tabisa, chomoa ingine!" anapiga kelele mmoja.

"Nyamaza, niko kazi!" anajibu Tabisa. "You should go raundi! Iko tope, mutoto yangu, raundi! Raundi!"

Wanaenda hivyo mita mia sita, kati ya malori yanayoanza kunguruma na wauza chapati wanaosogeza majiko yao. Kule yuko pembeni, akirudia kila neno kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Lokwang anatembea mbele ya wote akisukuma baiskeli, mkono mmoja juu, akisimamisha kila kitu chenye magurudumu. Wachukuzi wengine wanafuata, na mguu wa kila mmoja unatii wito ambao si wake.

Wanapofika kwenye kizuizi cha daraja, Tabisa ananyamaza ghafla. Mpokea mzigo anakuja mbio kutoka upande wa pili. Tabisa anamtazama, anatazama kizuizi kikiinuliwa, na kuita kwa sauti ndogo, ya heshima, kama mtu aliye kanisani:

"You may go in."

Gunia linashuka. Night anainua kichwa. Uso wake umelowa, na alama ya mkanda imekaa kwenye paji kama mstari wa wino.

"Mama, umeita vizuri," anasema.

"Nimeita kama mbuzi. Kimbia!"

Dirisha lisilo na kioo

Saa tatu kasoro dakika kumi, bodaboda tatu zinasimama mbele ya ofisi ya ushirika mjini Bwera. Night amevaa kitenge cha Tabisa, kipana kwake kwa shubiri mbili, kilichofungwa kiunoni kwa pini. Kule alikuwa amependekeza wampeleke kwa toroli, "kama malkia", na alikataliwa na watu wote.

Chumba cha usaili kina madirisha mawili ya mbao yasiyo na vioo. Dakika moja baada ya Night kuingia, kila dirisha lina vichwa vinne. Karani anatoka kuwafukuza. Vichwa vinatoweka, karani anaingia, vichwa vinarudi. Cha mwisho kutokea ni cha mzee Lokwang, aliyepiga pedali njia nzima na bado anahema.

Ednah Mugenyi anawaona na kuamua kutowaona.

Anaanza na mambo madogo, jina na makazi. Night anajibu kwa sauti ambayo haifiki dirishani. Kisha Ednah anafungua faili, anatafuta kitu, na kuuliza swali lilelile la Aprili, neno kwa neno.

Kichwa cha Night kinainama. Kutoka dirishani unaonekana mguu wake wa kulia ukisogea nyuma.

"Mdomo!" ananong'ona Kule, mnong'ono wa mtu aliyezoea kupiga kelele kati ya malori. "Mwalimu, mdomo!"

Mguu unasimama. Unarudi ulikotoka. Night anaweka kiganja kwenye paji la uso, palepale panapokaa mkanda, kana kwamba anauvua. Anainua kichwa.

"No, madam. She may not go through. She must go back to the table. They write her things. Then she can go through."

Tabisa anamfinya Kule mkono hadi anaguna. Msaili wa kushoto, kijana mwenye miwani, anaandika. Msaili wa kulia anatikisa kichwa kukubali. Ednah hatabasamu bado. Anaegemea kiti na kuuliza swali ambalo halikuwa kwenye faili. Anauliza kwa Kiingereza, polepole: na kama umemwambia hayo yote, na yeye hakuelewa, utafanya nini?



Nje, muuza ndizi amesimama kutazama watu wanaotazama. Mzee Lokwang ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili.

"I will not shout again," anasema Night.

Anaongeza:

"I will go to her."

Kisha anaomba ruhusa ya kumalizia kwa Kiswahili, na Ednah anampa.

"Madam, mara ya kwanza uliniuliza kwa nini nataka hii kazi. Nikasema kwa sababu najua kusoma. Ilikuwa si hiyo. Mimi siku moja nilisimama na mzigo, mtu akaniita kwa maneno ambayo sikuwa nayo. Alikuwa anataka kuniponyesha. Lakini neno zuri ambalo mtu hana ni sawa na kelele. Mama akija langoni na mzigo, haoni uso wangu. Anaona miguu tu. Kwa hiyo sitakaa kwa kiti nimngoje aelewe. Nitatoka nimfikie. Nitamwambia kwa Lhukonzo, nitamwambia kwa Kiswahili. Kiingereza nitamfundisha kesho, akishapona."

Hakuna aliyeandika. Kijana mwenye miwani alikuwa ameivua na akiifuta.

Wasaili hawakutoka nje kushauriana. Walitazamana, Ednah akafunga faili. "Kazi inaanza Jumatatu," alisema kwa Kiswahili. "Na nyinyi wa dirishani, sasa mnaweza kuingia. Kwa mlango."

Kigelegele cha Mama Tabisa kilisikika hadi sokoni. Kule alijaribu kuingia kwa dirisha hata hivyo, akakwama.

Meza iwe nje

Nusu saa baadaye, wakiwa chini ya paa la mabati la mama muuza chakula, na sahani ya bundu, ugali wa muhogo, na samaki wa ziwani katikati, Night anaeleza mipango yake huku wenzake wakimkatiza.

Darasa la asubuhi halitafungwa. Anataka meza ya maelekezo iwekwe nje, pale ambapo kamba inaanzia, ili mama aliyeinama aione miguu ya meza kabla hajafika langoni. Anataka lile jiwe lipakwe rangi nyeupe. Anataka kila mwita njia wa Mpondwe ajue kuita kwa lugha zote tatu, "kwa sababu lori haliulizi wewe ni kabila gani." Na anataka bega lake lipumzike.

"Nimeona ardhi miaka kumi na mitatu," anasema. "Sasa nataka kuona watu wanafananaje."

"Tunafanana vibaya," anasema Kule, mdomo umejaa samaki. "Rudi kuangalia chini."

Tabisa anampiga kwa kanga.

Mzee Lokwang hakula. Alikuwa amesimama kando na baiskeli yake, akipanguza usukani. Wenzake walipoanza kuinuka kutafuta bodaboda za kurudi Mpondwe, aliita jina moja tu.

"Night."

Aligeuka. Kule akaanza kusema utani, akauona uso wa mzee, akaumeza.

"Siku ile," alisema Lokwang. "Mimi nilijua Kiswahili. Wewe unajua kwamba nilijua."

"Najua, afande."

"Hukuniuliza hata siku moja kwa nini sikukitumia."

Mzee alikikunja kitambaa chake cha kupanguzia.

"Mkubwa wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, na mimi nilikuwa natafuta cheo. Walisema cheo kinataka Kiingereza. Kwa hiyo nilikuita kwa Kiingereza, mara ya kwanza, mara ya pili, ili yeye asikie." Sauti yake ya amri ilikuwa imemwishia. "Neno moja tu, rudi, lilikuwa hapa mdomoni. Sikulisema. Miaka kumi na miwili nasimama nikikuona unapita, na sikulisema. Nisamehe, binti yangu. Ningekuita rudi, ungerudi."

Bodaboda zilikuwa zinanguruma. Wachukuzi walikuwa wamesimama, kila mmoja akitazama chini kwa mazoea.

Ndiyo maana wote waliiona miguu ya Night, katika viatu vya kuazima, ikipiga hatua moja mbele, kisha ya pili, hadi ncha za viatu hivyo zikagusa buti za mzee.